Gari Linayumba Likibeba Bendi

Ijumaa. Alfajiri imenyesha mvua kidogo tu, ya kulaza vumbi na kuacha tope, kisha jua likatoka na hasira zake zote. Sasa ni saa kumi na moja jioni, nimekaa kibarazani kwetu Mtoni, kucha zina grisi, dera lina tope mgongoni, na nina furaha ambayo sijui niiweke wapi. Naiangalia mikono yangu ninapoandika. Safari hii si kwa aibu.

Mikono. Ngoja nianzie hapo.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: mimi ni Zuhura, nina miaka thelathini na nne, naendesha pikapu kuukuu niliyoachiwa na marehemu baba. Siku za kazi nabeba mbao na vitanda vya watu wanaohama. Jumamosi nabeba bendi ya matarumbeta. Harusi za Dar mnazijua: mbele ya msafara wa bibi harusi inatangulia pikapu, na nyuma ya hiyo pikapu wamesimama wapuliza tarumbeta na wapiga ngoma, wanacheza, wanayumba kushoto na kulia, mpaka mtu aliyelala chumbani anajua kuna jambo mtaani. Dereva wa pikapu hiyo ni mimi. Kabla yangu alikuwa baba, Mzee Shomari, miaka kumi na mitatu, na bendi ni hiyo hiyo ya Babu Kondo.

Nyuma ya gari baba aliandika kwa rangi nyekundu: WAACHE WASEME. Na kweli, mwaka huu wamesema.

Gari limekuwa likiyumba na bendi kwa miezi, lakini Jumamosi iliyopita, Sinza, ndiyo lilizidi. Bibi harusi katoka saluni, magari kumi na kitu yamejipanga nyuma yetu yanapiga honi, na Babu Kondo akachanganya wimbo. Wimbo ulipokolea, gari likahama. Naapa sikugusa kitu. Usukani nimeunyoosha, lakini pua ikaenda kushoto kwenye mtaro. Nikairudisha, ikapitiliza kulia, nusura nimvae mtu wa bodaboda. Mpiga ngoma kubwa akaanguka magotini. Tarumbeta zikakatika katikati ya wimbo, na harusini hakuna aibu kubwa kama ukimya. Shangazi mmoja wa bibi harusi alishuka kwenye gari lake, akaja kuchungulia dirishani kwangu, akasema kwa sauti ya kusikika na wote:

"Kumbe dereva mwanamke! Ndiyo maana."

Ndiyo maana.

Jumatatu Babu Kondo alikuja nyumbani. Ni mtu mzima, mashavu yamelegea kwa kupuliza miaka mingi, na hajawahi kunikunjia uso. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanywa maji, akazunguka weee ndipo akatua.

"Mwanangu, mie nakupenda kama wa kuzaa. Lakini kule nyuma nina watu saba, wana watoto. Jumamosi hii tunamtoa bibi harusi hapa hapa Mtoni, tunampeleka Kimbiji, na ile barabara unaijua. Gari likiwa halijatulia, ataendesha Iddi."

Iddi ni mdogo wangu, ananifuata kwa miaka sita. Simchukii. Lakini najua mambo yanavyokwenda: akiendesha Jumamosi moja bila kisa, ataendesha Jumamosi zote. Mimi ningebaki na vitanda. Na niseme ukweli kwa kuwa hapa ni mahali pangu pa kusemea ukweli, Jumamosi ndiyo siku pekee ninayojiona ni mtu. Ile kusikia ngoma inapita kwenye bati mpaka mgongoni, watoto wanakimbia pembeni, wanawake wanatoka na sabuni mikononi kupiga vigelegele, na mimi ndiye ninayeongoza njia. Sikuwa tayari kuiachia.

Mama, ambaye ndiye niliyetegemea anitetee, alisema, "Mpe Iddi, mwanangu. Baba yako alikuwa na mikono."

Hiyo mikono ya baba ndiyo imenila tangu afariki, mwaka mmoja na nusu sasa. Kila mtu anaihadithia. Kwamba Shomari alikuwa anaweka kikombe cha kahawa juu ya dashibodi, na kahawa haimwagiki. Kwamba Shomari alikuwa anapita katikati ya soko na mwenye nyanya hata hasogezi fungu lake. Na gari ni lile lile, njia ni zile zile, bendi ni ile ile. Kilichobadilika ni mikono tu. Hesabu hiyo hata mtoto anaipata.

Nakiri kwamba na mimi niliipata.

Kwa wiki tatu nimekuwa natoka alfajiri, napanga tofali mistari miwili kwenye kiwanja cha nyuma ya shule, napita katikati mbele na nyuma kama mwanafunzi wa udereva. Na nilikuwa napita! Sigusi tofali hata moja. Ningekuwa na akili iliyotulia ningejiuliza kwa nini. Lakini mtu akishajihukumu hasikilizi tena ushahidi.

Mafundi nao nimewapitia watatu. Wa kwanza alibadilisha viungo vya mbele vinavyounganisha usukani na matairi. Wa pili alisema boksi la steringi lina plei, yaani limelegea, akalikaza, akalikaza tena, hadi nikikata kona usukani haurudi wenyewe, nauvuta kama ndoo ya kisimani. Wa tatu akabadilisha tairi za mbele na kupima magurudumu kama yamekaa sawa. Kila mmoja alipomaliza aliliendesha peke yake, akazunguka mtaa, akarudi ametosheka. "Dada, gari limenyooka." Hawakuwa waongo. Lilikuwa limenyooka kweli.

Jumatano nikakata tamaa, nikampa Iddi ufunguo wa akiba. Akaenda nalo mpaka Sinza na kurudi, gari tupu, mkono mmoja nje ya dirisha. Akarudi anacheka. "Sista, gari halina ishu. Ishu mikono."

Nikacheka na mimi. Kisha nikaingia bafuni nikafungulia bomba.

Jana, Alhamisi, nikaenda kwa fundi Massawe. Sijui nilikwenda kutafuta nini, labda nilitaka mtu wa mwisho wa kunithibitishia. Massawe ni mtu wa Moshi, mkimya, anatengeneza malori ya mchanga, na gereji yake iko mtaa wa pili kutoka kwetu, miaka yote napita sisimami kwa sababu baba alikuwa na mafundi wake. Nikamwambia gari linayumba wakati mwingine.

"Wakati gani?"

"Wakati mwingine tu, fundi."

"Dada, mficha uchi hazai. Linayumba likibeba nini?"

Ndipo nikamweleza yote, bendi, Sinza, mtaro, shangazi. Alisikiliza huku anafuta spana.

"Ukibeba mbao haliyumbi?"

"Haliyumbi."

"Mbao zinacheza?"

Nikadhani ananikejeli. "Mbao hazichezi, fundi."

"Basi niletee wanaocheza."

Niliona haya kumwambia Babu Kondo. Watu saba, kila mmoja na shughuli yake, uwatoe asubuhi ya Ijumaa waje kupiga tarumbeta gereji! Nilipompigia simu akanyamaza, nikajua imekwisha. Kumbe alikuwa anacheka mpaka sauti imepotea. "Yaani tukapige gereji? Nimepiga harusi, nimepiga jando, nimepiga hata mtu alipotoka hospitali. Gereji bado. Tunakuja!"

Leo saa tatu walikuwa pale, wote saba. Iddi naye alikuja, nadhani kushuhudia nikiumbuka. Massawe hakunyanyua gari wala hakutoa jeki. Aliliacha limesimama kwa matairi yake manne, akaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, akawapandisha, akatandika boksi la karatasi chini kwenye tope, akalala ubavu nyuma ya gari na tochi mkononi. Mbele, kwenye usukani, kule walikoshinda mafundi watatu, hakutupa hata jicho.

"Pigeni!"

Jamani. Sijui nieleze vipi. Asubuhi ya Ijumaa, Mtoni imepoa, mara tarumbeta hizo! Wanawake wakatoka majumbani na vigelegele. Muuza chapati akaacha kikaango chake. Mama mmoja akanivuta mkono, "Shoga, bibi harusi yuko wapi?" Nikamwonyesha pikapu. Akanitazama kwa huruma, akaendelea kucheza.

Massawe alikuwa anapaza sauti kutoka chini: "Chezeni kama harusini! Wote kushoto! Haya wote kulia!" Na wakienda kulia, alikuwa anaguna. Wakirudi kushoto, anaguna tena. Mguno wa mtu aliyeona kitu.

"Dada, njoo ulale hapa."

Nikalala. Na dera langu, kwenye tope, mbele ya mtaa mzima.

Pale chini kuna springi, zile bapa za chuma zinazolalia ekseli ya nyuma, ule mtaimbo unaoshika magurudumu mawili. Mwisho wa kila springi kuna tundu, na ndani ya tundu panatakiwa pawe na bushi, kipande cha mpira kigumu kinachobana chuma kisicheze. Ngoma ikapigwa, watu saba wakaenda kulia, na mimi nikaona kwa macho yangu mawili springi ikitelezea pembeni upana wa kidole, ikavuta ekseli nzima. Wakaenda kushoto, ikarudi. Tak. Tak. Gari langu lilikuwa linakata kiuno!

Massawe akanieleza pale pale tumelala. Nyuma ikihama kidogo, mbele inageuka bila kuulizwa. Dereva anarudisha usukani, bendi nayo imeshahamia upande wa pili, kwa hiyo anapitiliza. Ukibeba mbao, mzigo umetulia katikati, huoni kitu. Ukiwa peke yako, huoni kitu. Linataka watu wanaocheza. Miaka yote ya kurukiwa na bendi imezila zile bushi zikaisha, na kila fundi anaangalia mbele kwa sababu usukani uko mbele.

"Sio mikono?" nikamuuliza.

"Mikono ya nani?" Hakuelewa hata swali.

Nilibaki nimelala pale, nacheka na machozi yanaingia masikioni.

Kazi ikaanza. Bendi wakashuka, wakanunua chapati, wakakaa. Gari sasa likapandishwa, likawekewa magogo, na Massawe akagonga pini ya upande wa kulia mpaka ikatoka. Akaingiza bisibisi kwenye lile tundu akachokonoa. Vikatoka vipande vya mpira vilivyosagika, na tope, na kimoja kikubwa kidogo. Akakifuta kwa tambara, akakigeuza, akaanza kucheka.

"Nani kaweka kandambili humu?"

Akanipa. Kilikuwa kipande cha soli ya kandambili, kimekatwa kwa kisu, kikakunjwa, kikasokomezwa mahali pa bushi. Mistari mitatu: bluu, nyeupe, bluu.

Sikucheka. Iddi alikuwa nyuma yangu, na yeye hakucheka.

Miaka minne iliyopita, Ijumaa kama ya leo, baba alirudi nyumbani mguu mmoja una kandambili ya bluu, mwingine mtupu. Alisema ameibiwa msikitini. Mama alimwuliza, mwizi gani anaiba mguu mmoja? Baba akasema dunia imeharibika. Tulimcheka mpaka akaondoka mezani. Tangu siku hiyo, mpaka anaingia kaburini, kitu chochote kikipotea nyumbani, kijiko, rimoti, chumvi, lazima mtu aseme amechukua yule mwizi wa mguu mmoja. Baba alikuwa anacheka na sisi.

Kesho yake alikuwa na harusi. Sasa ndiyo nakumbuka.

Na mengine yakaja yenyewe nimekishika kile kipande. Kila Jumamosi jioni baba alikuwa anavua shati, anamwomba mama amkande mabega kwa mafuta ya karafuu. Alisema ni uzee. Haukuwa uzee. Alikuwa anapigana na usukani toka Mtoni mpaka mwisho wa msafara, anashinda, anashuka anatabasamu. Na kile kikombe cha kahawa kisichomwagika kilikuwa cha siku za mbao. Hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kukiona siku ya bendi. Nimemuuliza Babu Kondo leo, akafikiri, akasema, "Ee bwana, kweli. Jumamosi Shomari alikuwa hanywi kitu."

Baba alikuwa anayumba. Mikono ile ile wanayonihadithia ilikuwa inayumba kama yangu. Ila yeye alikuwa na nguvu zaidi za kuficha, na hakumwambia mtu.

Nilimkasirikia kwa muda wa kama dakika tano. Kisha nikamwonea huruma, amelala chini ya gari peke yake, mtu mzima, anakata kandambili yake kwa kisu ili kesho watu wasije wakasema. Na ndiye aliyeandika WAACHE WASEME.

Massawe ameweka bushi mpya pande zote mbili, mbele na nyuma ya springi, akakaza zile bolti kubwa zilizopinda zinazokumbatia ekseli, ambazo nazo zilikuwa zimelegea. Kisha akafungua boksi la steringi akalirudisha lilivyokuwa kabla ya yule fundi wa pili kulikaba koo. Wanaume walikwenda kuswali wakarudi. Saa tisa gari likashushwa.

Babu Kondo akapanda wa kwanza. Tukaingia barabara ya Kilwa kuelekea Mbagala, wanapiga, wanacheza, mimi nimeushika usukani kwa vidole kama mtu anayeshika yai. Nikasubiri lihame. Wimbo ukakolea, nikasikia miguu ya wote saba, kumi na nne kwa hesabu kamili, ikihamia kulia. Nikakaza meno.

Halikuhama.

Wakahamia kushoto. Halikuhama! Nilipiga kelele peke yangu mle ndani kama mwehu. Kwenye kona usukani ukazunguka na kurudi wenyewe, taratibu, nikauacha uteleze viganjani. Nikamtazama Babu Kondo kwenye kioo: amesimama katikati, hajashika chuma, mikono yote miwili iko kwenye tarumbeta, macho ameyafumba. Mtu hafumbi macho nyuma ya gari asiloliamini. Halafu akagonga bati juu ya kichwa changu mara mbili. Hiyo ndiyo ilikuwa ishara yao na baba, maana yake mwendo mzuri, endelea. Mimi nilikuwa sijawahi kugongewa mara mbili. Mimi nagongewaga mfululizo, maana yake punguza, unatuangusha.

Tuliporudi Iddi alikuwa amekaa kwenye tairi pale gereji. Hakusema samahani, Iddi hana hilo neno. Alitoa mfukoni ufunguo wa akiba niliompa Jumatano, akaufuta kwa shati, akanipa kwa mikono miwili.

"Sista, kesho nikae nyuma na bendi? Nisikilizie."

Nikamwambia akae, mradi asicheze.

Nimefika nyumbani mama anachambua mchele ukumbini. Nilimwekea tu kile kipande kwenye ungo, juu ya mchele. Akakiangalia. Akanisikiliza nikihadithia, bila kuinua kichwa, vidole vyake vinazunguka ile mistari ya bluu na nyeupe. Nilipomaliza akainuka, akaingia chumbani, nikasikia sanduku linafunguliwa.

Akarudi na kandambili moja. Ya bluu, ya mguu wa kushoto, imeoshwa, imefungwa kwenye kipande cha khanga. Miaka minne aliitunza, na sisi hatukujua.

Akakiweka kile kipande ubavuni mwa soli. Mistari ikaoana.

"Kumbe mwizi nilikuwa nalala naye," mama akasema, na akaanza kucheka, akacheka mpaka ikabidi akae chini, na nikaona analia pia, nami nikakaa naye.

Baadaye akajifuta macho kwa ile khanga, akauvuta ungo wake. Akaniuliza kesho tunaondoka saa ngapi. Nikasema saa saba. Akasema hajawahi kukaa kwenye ile pikapu siku ya bendi hata siku moja, maana baba hakutaka, alisema kiti cha mbele kibovu.

Kiti cha mbele ni kizima. Nimekaa mimi pale utoto wangu wote, siku za mbao.

Kwa hiyo kesho saa saba natangulia mbele ya msafara mpaka Kimbiji, bendi nyuma, mama ubavuni. Ile barabara ina mashimo na gari ni la zamani, siwezi kuapa kwamba litanyooka njia nzima.

Nikiyumba, nitasema.